Miezi 22 Kabla ya Mtihani wa Taifa: Namna ya Kulinda Umakini Kidato cha Tano na cha Sita

Kila mwezi wa saba stendi kuu ya Moshi hujaa matranka, ndoo na magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba. Hao ni wanafunzi wa kidato cha tano wanaoripoti shuleni: wengine wanapanda Hiace za kwenda Kibosho na Machame, wengine wamesafiri kutoka Tabora au Mtwara na ndiyo mara yao ya kwanza kukutana na baridi ya mlimani. Ukimuuliza yeyote kati yao amebakiza muda gani kabla ya mtihani wa taifa, atakujibu bila kufikiri kwamba ni miaka miwili, na kosa la kwanza la umakini huanzia katika jibu hilo.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtihani wa kidato cha sita unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania hufanyika mwezi Mei, kwa hiyo kuanzia Julai ya kuripoti hadi Mei ya kumaliza kuna takriban miezi 22. Ukiondoa likizo mbili za Desemba, ile ya Juni iliyo katikati na zile fupi za wiki moja au mbili, darasani hubaki kama miezi 18. Kisha ipo mock, yaani mtihani wa majaribio, ambayo hufanyika mapema katika mwaka wa mtihani, na walimu wengi hujitahidi kumaliza mada zote kabla yake. Anayesema ana miaka miwili, kwa kweli ana mwaka mmoja na miezi michache ya kujifunza mambo mapya, na muda wote unaosalia ni wa kurudia.

Nimekaa na wanafunzi wa ngazi hii kwa muda mrefu, kwanza nikiwa mmoja wao na baadaye nikifundisha tuisheni hapa Moshi, na nimefikia msimamo mmoja ambao mengine yote katika mwongozo huu yanausimamia. Umakini haumjii mtu kwa kujikaza wala kwa kusikiliza hotuba za kutia moyo. Unakuja pale mwanafunzi anapojua, kabla hajavuta kiti, ni kazi gani ndogo anakwenda kuifanya na atatambuaje kwamba ameimaliza. Anayelijua hilo atasoma hata umeme ukikatika na kubaki na taa ya sola. Asiyelijua atazimaliza saa tatu za prepu, ule muda wa usiku wa kujisomea, akinoa penseli na kupekua daftari.

Muhula wa kwanza wa kidato cha tano

Mwanafunzi wa kidato cha tano anafika shuleni akiwa amekaa nyumbani tangu Novemba alipomaliza kidato cha nne. Ni miezi saba hadi minane ya kusaidia dukani, kulisha ng'ombe, kuuza mitumba Kiborloni na wajomba, au kukaa tu. Akili yake imepoa, lakini moyo wake umejaa sifa, kwa sababu mtaani kwao amejulikana kuwa ndiye aliyefaulu. Anakuta darasa ambalo kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Anakuta pia kwamba mada moja ya Fizikia au Historia ni nzito kuliko kitabu kizima alichokizoea.

Mimi nilijiunga na shule moja ya bweni mkoani Kilimanjaro nikiwa na imani kwamba nitaendelea kusoma kama nilivyosoma kidato cha nne, yaani kupitia daftari mara tatu usiku wa kuamkia jaribio. Jaribio la kwanza la Fizikia nilipata 18 kwa 100. Kilichonipotezea muhula mzima, hata hivyo, si zile alama, ni jinsi nilivyozipokea: nilificha karatasi chini ya godoro, nikahamishia nguvu zangu zote kwenye Biolojia niliyoipenda, nikawa nasoma saa nyingi na kujiona mtu makini huku Fizikia ikiozea pale pale ilipoachwa.

Kwa hiyo jaribio la kwanza likija na alama za aibu, na kwa wengi huja hivyo, ifanye ile karatasi kuwa kitabu chako cha wiki inayofuata. Irudie swali kwa swali mpaka uweze kuifanya yote bila kuangalia popote, kisha mpelekee mwalimu yale mawili au matatu yaliyokushinda. Usimwambie mwalimu kwamba huelewi mada. Mwambie umefika mstari gani ukakwama. Mwalimu mwenye darasa la watu 80 hana muda wa kukufundisha mada upya, lakini dakika tano za kukuonyesha mstari mmoja anazo.

Jambo la kubadili tahasusi, yaani mchepuo wa masomo uliyopangiwa, nalo huibuka katika muhula huu. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya zilizofikisha jumla yake 65, na uchaguzi umepanuka kuliko zamani. Kama kweli umeona kwamba tahasusi uliyopangiwa haiendani na unachokitaka, mwone mwalimu wa taaluma katika wiki za mwanzo kabisa. Kubadili Septemba ni uamuzi. Kubadili Februari ni kukimbia.

Andika kazi, usiandike somo

Karibu kila mwanafunzi ana ratiba aliyoibandika ndani ya mlango wa tranka, iliyochorwa kwa rula na kalamu za rangi, na karibu kila ratiba ya namna hiyo hufa kabla ya wiki ya tatu. Inakufa kwa sababu imeandikwa majina ya masomo. "Jumatatu usiku: Kemia" haimwambii mtu afanye nini. Anafungua daftari la Kemia, anasoma ukurasa anaoufahamu kwa sababu unampa faraja, anafika kwenye ukurasa mgumu, anakumbuka kwamba hajafua soksi.

Linganisha na maandishi haya: "Jumatatu, saa 1:30 hadi 2:10 usiku: maswali matatu ya kutafuta Kc katika msawazo wa kikemia, bila kufungua daftari, baada ya hapo nalinganisha na majibu." Hapa hakuna nafasi ya kujiuliza uanzie wapi. Unajua pa kuanzia, unajua pa kuishia, na zikifika dakika 40 utajua kama umefaulu au umeshindwa. Anayesoma Historia au Jiografia ataandika, kwa mfano, "mpangilio wa hoja sita za swali moja la insha, kila hoja na mfano wake, kisha utangulizi tu kwa sentensi kamili." Insha nzima ataiandika Jumamosi.

Nimetaja dakika 40 kwa makusudi. Huo ndio urefu wa kipindi cha darasani, mwili wa mwanafunzi wa Kitanzania umeuzoea tangu sekondari ya chini, na hakuna haja ya kuagiza mbinu nyingine kutoka mbali. Vipindi vitatu vya prepu vyenye mapumziko ya dakika chache katikati vinatosha kwa usiku mmoja wa shule. Anayeniambia kwamba yeye hupiga msuli saa sita mfululizo huwa namwomba anionyeshe alichoandika katika saa hizo. Mara nyingi hakuna kitu.

Kazi za kesho ziandikwe leo, dakika tano kabla ya kufunga prepu, wakati bado unakumbuka ulipokwama. Ziwe tatu. Zikizidi nne, utaanza kuchagua, na ukianza kuchagua utachagua zilizo nyepesi.

Kwa nini kujijaribu kunashinda kurudia kusoma

Mwaka 1885 mtaalamu wa saikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea ndani ya siku ya kwanza, kisha upotevu unapungua kasi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi wakavirudia kwa kuvisoma tena, baadhi wakajaribu kuviandika kutoka kichwani. Walipopimwa dakika tano baadaye, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yalikuwa yamegeuka: waliojijaribu walikumbuka zaidi kwa tofauti kubwa.

Zile dakika tano zinaeleza mengi kuhusu bweni. Mwanafunzi anayepitia daftari lake saa nne usiku analala akijiona anajua, na kweli kwa wakati ule anajua. Wiki ikipita, hana kitu, naye anaanza kudhani ana kichwa kibovu. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokikumbuka kuhusu mada ya leo, halafu fungua uone ulichosahau. Zoezi hilo linauma kidogo, na maumivu hayo ndiyo kazi yenyewe.

Fanya hivyo siku ile ile, kisha baada ya siku mbili au tatu, kisha baada ya wiki, kisha mwishoni mwa mwezi.

Daftari la makosa

Kama utachukua jambo moja tu katika mwongozo huu, chukua hili. Tafuta daftari dogo, la kurasa 96 linatosha, uligawe kila ukurasa safu tatu: swali, kosa nililofanya, na nitakachofanya likija tena. Kila swali ulilokosa katika zoezi, jaribio au pasti pepa linaingia humo siku ile ile.

Kijana mmoja niliyemfundisha, mwenyeji wa Rau, alikuwa akikosa maswali ya mwendo wa kuyumba kila mara na kusema kwa unyonge kwamba mada hiyo haimpendi. Tulikaa naye na swali moja: kitu kimefungwa kwenye springi, kinaanzia katikati na kuyumba kwa umbali wa juu wa sentimita 5, kasi yake ya kizingo ni radiani 2 kwa sekunde, tafuta kiko wapi baada ya sekunde 0.5. Alitumia kanuni sahihi, akabadili herufi kuwa namba bila kosa, akafika kwenye 5 mara sini ya 1. Kisha akabonyeza kikokotoo na kuandika 0.087. Jibu ni 4.2. Kikokotoo chake kilikuwa kwenye digrii, na huenda kilikuwa hapo tangu alipokinunua. Miezi mitatu alikuwa anajilaumu kwa kutoelewa mada aliyokuwa anaielewa.

Katika safu ya kosa, basi, usiandike "uzembe" wala "sikuelewa", kwa kuwa maneno hayo hayana tiba. Andika "nilisahau kubadili gramu kuwa moli", "nilitaja sababu lakini sikutoa mfano wa Afrika Mashariki", "niliacha swali la (c) kwa sababu muda uliisha". Ukikusanya makosa 30 utashangaa kuona kwamba yanatokana na vyanzo vinne au vitano tu, na hivyo ndivyo vya kufanyia kazi.

Somo linaloachwa nyuma

Baraza la Mitihani hutoa pointi kwa kila somo la tahasusi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Jumla ya 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 ni la pili, 13 hadi 17 ni la tatu. Mwenye B mbili na F moja ana pointi 11, yuko daraja la pili. Mwenye C tatu, ambaye hakung'ara popote, ana 9 na yuko la kwanza. Tofauti ya C na B huanzia kwenye alama 70, ilhali F ni chini ya 35. Kulitoa somo bovu kwenye 34 mpaka 60 hukuokolea pointi nne; kulipandisha somo zuri kutoka 65 hadi 75 hukupa moja.

Vyuo vikuu navyo huhesabu kwa njia yao, kinyume na hii, ambapo A ni 5 na E ni 1, na kwa utaratibu wa sasa shahada ya kwanza inahitaji angalau ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Usifarijike na kiwango hicho cha chini. Udaktari wa binadamu unadai ufaulu katika Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, na kila kozi ina masharti yake.

Katika vile vipindi vitatu vya usiku, kipindi cha kwanza kiwe cha somo unalolikwepa. Ukiliacha la mwisho, usingizi utalichukua.

Majadiliano ya kikundi husaidia somo hili gumu, ila kwa masharti: watu wasizidi wanne, kila mmoja aje na swali alilokwisha kulijaribu, na mwisho kila mtu aandike jibu peke yake kwa Kiingereza. Nasisitiza hili la mwisho kwa sababu mtihani, ukiacha Kiswahili na lugha nyingine, ni wa Kiingereza, nasi huelewana vizuri kwa Kiswahili chini ya mti kisha tukashindwa kupata sentensi mbele ya karatasi. Eleweshaneni kwa Kiswahili. Andikeni kwa lugha ya mtihani.

Desemba ya kidato cha sita

Wenyeji wa Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa Desemba ni nini. Kuanzia katikati ya mwezi magari ya kutoka Dar es Salaam hupanda moja baada ya jingine kwenda Marangu, Rombo, Machame na Uru. Mbuzi huchinjwa, mtori na kisusio havikauki, mbege inazunguka, na kila Jumamosi ina harusi, ubatizo au kikao cha ukoo. Binamu waliokuja na simu mpya na habari za mjini wanataka mwenyeji wa kuwatembeza. Mwanafunzi wa kidato cha sita ana miezi mitano hadi Mei, na mock ni mapema zaidi.

Nimeona wanaojifungia chumbani siku zote kwa hasira, wakaitwa wenye majivuno na wasisome lolote kwa sababu ya kelele na kinyongo. Nimeona wengi zaidi wanaoahidi kusoma "wageni wakiondoka". Njia iliyowafaa niliowaona wakifaulu ni kuzungumza na mzazi mapema, kabla magari hayajafika, na kumpa mzazi kitu cha kushika.

"Mama, naomba kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili asubuhi nisitumwe popote. Baada ya hapo majani ya ng'ombe ni yangu, na vyombo vya jioni ni vyangu."

"Na wageni wakiamka mapema?"

"Nitawasalimia saa mbili, mama."

Saa tatu za alfajiri kwa siku 25 ni saa 75, yaani vipindi zaidi ya 110 vya dakika 40, na bado mtu amekula sikukuu na wenzake. Nyumba ikiwa na kelele hata alfajiri, maktaba ya mkoa iliyopo Moshi mjini inafaa kwa siku za kazi, ingawa mtu wa Rombo nauli itamshinda, naye atafute darasa lililo wazi katika shule ya msingi ya jirani.

Mzazi unayesoma haya, nakuomba jambo moja: usimlinganishe mwanao na mtoto wa shangazi yake mbele ya wageni.

Simu na usingizi

Shuleni simu hairuhusiwi, kwa hiyo tatizo hili ni la likizo na la wanafunzi wa kutwa. Sina imani na nadhiri za kuacha simu kabisa. Iache chumba kingine, kwa mzazi au kwa mdogo wako, kwa zile saa ulizoahidi, na ukihitaji kupakua mtihani uliopita, pakua jioni ya jana yake. Bando likiisha, usikope. Kubeti ni kitu kingine. Aliyekwisha kuanza kupanga mikeka hana nafasi ya kupanga kazi tatu za kesho, na amwambie mtu mzima anayemwamini.

Kuhusu usingizi, wataalamu hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 18, kiwango ambacho kengele ya bweni haikiruhusu. Walau usijipunguzie mwenyewe kile kidogo kilichobaki. Anayekesha mpaka saa nane usiku halafu akasinzia kipindi cha hesabu amebadilisha mwalimu kwa tochi.

Kutoka mock hadi karatasi ya mwisho

Mock ikirudi, ipitie kwa lile daftari la makosa, kisha nenda kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani upakue vitu viwili visivyolipiwa: fomati ya mtihani wa kila somo lako, na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa wa miaka iliyopita. Taarifa hizi hazisomwi inavyostahili. Zinaeleza swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi, na ndani yake kuna picha za majibu mazuri na mabaya kama yalivyoandikwa kwa mkono kwenye vijitabu. Jibu swali kwanza, kisha linganisha jibu lako na yale mawili, ujiulize bila kujionea huruma uko karibu na lipi.

Machi na Aprili fanya angalau karatasi moja nzima kila wiki, ukiwa na saa mezani, kwa muda kamili, pasipo kunyanyuka. Wenye masomo ya sayansi wasidharau mazoezi ya vitendo. Ombeni maabara mapema, kwa sababu Aprili kila mtu anaitaka bureti ile ile.

Mtihani unaangukia kwenye masika, na Moshi ya Mei ni mvua, matope na mabati yanayopiga kelele kiasi kwamba msimamizi hasikiki. Wa kutwa aondoke nyumbani mapema kuliko kawaida, na nguo kavu ziwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kalamu mbili na kikokotoo. Ukitoka kwenye karatasi moja, usisimame kwenye korido kulinganisha majibu, hata rafiki yako akikushika mkono; jibu la swali la nne halitabadilika, na karatasi ya kesho asubuhi bado haijafanywa. Nenda ukaoge, ule, kisha fungua daftari la makosa la somo linalofuata, kurasa za mwisho kwanza.

Simu iachie kwa mama mpaka karatasi ya mwisho ikusanywe.